Sheikh Al-Amin Mazrui: Kadhi aliyetenganisha ujirani mwema na uigaji

KILA mwezi wa Desemba unapowadia, vilima vya Kericho na Bomet hubadilika sura. Wachumaji chai waliotoka mbali hufunga mizigo kwenda makwao, maduka ya Litein, Kapkatet na Sotik hujaa wazazi wanaowatafutia watoto nguo mpya, nazo kwaya za makanisa hufanya mazoezi hadi giza linapoingia. Eneo hili ni la Wakristo kwa wingi, na hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishonari katika miaka ya 1930, ni ushahidi wa jinsi dini hiyo ilivyokita mizizi.

Hata hivyo, wamo pia Waislamu. Wengine ni wafanyabiashara ambao wazee wao walifika zamani, wengine ni watumishi wa serikali, na wengine ni wenyeji waliosilimu. Kwa hao, Desemba huja na maswali. Je, Mwislamu amjibu vipi jirani anayemtakia heri ya Krismasi? Je, akubali mwaliko wa chakula? Mtoto wake akitakiwa shuleni kuigiza kuzaliwa kwa Yesu, amruhusu au amkataze?

Maswali ya aina hii, hata yanapozuka katikati ya mashamba ya chai, huishia kutazama pwani, kwa kuwa Waislamu wa Kenya nzima humsikiliza Kadhi Mkuu, ambaye makao yake kihistoria ni Mombasa. Na miongoni mwa wote waliowahi kukalia kiti hicho, hakuna aliyelifikiria kwa kina suala la Mwislamu kuishi katikati ya watu wa dini nyingine kumshinda Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo uliotawala mji huo hadi mwaka 1837, Seyyid Said alipouteka. Baada ya kupokonywa utawala, jamaa wengi wa ukoo huo waligeukia elimu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanazuoni mkubwa ambaye misimamo yake ya kidini ilimtia matatani. Alifungwa kwa amri ya Seyyid Barghash, akawa huru baada ya Sultani huyo kufariki mwaka 1888. Mzee huyo naye aliaga dunia mwaka 1894, akamwacha mwanawe angali mtoto mdogo.

Malezi na masomo ya yatima huyo yalichukuliwa na jamaa yake, Sheikh Sulayman bin Ali Mazrui, aliyekuwa pia mwanasheria wa Kiislamu wa kutajika. Baadaye kijana alivuka bahari hadi Unguja, akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, masheikh wawili ambao sifa zao zilienea pwani yote ya Afrika Mashariki. Wote wawili walifariki mwaka 1925, na kufikia wakati huo mwanafunzi wao alikuwa amekwisha kuwa mwalimu.

Mombasa aliyokulia haikuwa tena mji wa Waislamu peke yao. Ng'ambo ya kisiwa, huko Freretown, kulikuwa na makazi ya watumwa walioachwa huru, yaliyoanzishwa na wamishonari wa Kiingereza mwaka 1875, na kengele ya mahali hapo ndiyo iliyozaa jina la Kengeleni linalotumika hadi leo. Mwaka 1896 ulianza ujenzi wa reli iliyopita Lumbwa, kituo ambacho leo kinaitwa Kipkelion katika Kaunti ya Kericho, na kufika Kisumu mwaka 1901. Reli hiyo ilileta Wahindi na taa zao za Diwali, Wagoa na misa zao, na watu wa bara waliobatizwa misheni. Katikati ya miaka ya 1920, makampuni ya Kiingereza yalipoanza kupanda chai Kericho, Mombasa ilikuwa bandari ya koloni zima.

Kisheria, pwani ilikuwa bado milki ya Sultani wa Zanzibar, na bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Yesu. Waingereza walikuwa wameahidi kuiheshimu dini ya wenyeji na mahakama za makadhi. Lakini juma la kazi lilifuata Jumapili, ofisi zilifungwa kwa Krismasi na Pasaka, na aliyetaka cheo alilazimika kupitia shule za serikali au za misheni. Mwislamu alijikuta katika nchi iliyohesabu siku zake kwa kalenda ya wengine.

Hapo ndipo Sheikh Al-Amin alipoona hatari. Wengi wa wakati wake waligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza liliufunga mlango, likakataza watoto kwenda shule na likaona kila kilichotoka Ulaya kuwa najisi. Kundi la pili lilikimbilia kila kipya. Vijana walivaa kama wakubwa wa serikali, wakanywa kama wao, na wakatumia fedha zao katika ngoma za beni, ambazo vikundi vyake vilishindana kwa kuiga gwaride na vyeo vya majeshi ya Wazungu.

Sheikh hakuridhika na kundi lolote kati ya hayo mawili. Alikuwa msomaji wa Al-Manar, jarida lililohaririwa na Rashid Rida mjini Cairo, na kupitia kwalo aliyafahamu mawazo ya Muhammad Abduh na Jamal al-Din al-Afghani. Wanazuoni hao walishikilia kwamba Waislamu hawakudhoofika kwa sababu ya dini yao, bali kwa kutoijua dini hiyo na kwa kuitupa elimu iliyokuwa mikononi mwao zamani. Fikra hizo alizitafsiri katika hali ya pwani.

Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi ndogo ya Kiswahili iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 ikafuatiwa na gazeti la Al-Islah, maana yake Marekebisho, lililoandikwa kwa Kiarabu na Kiswahili. Uamuzi wake wa kuandika Kiswahili ulikuwa na uzito. Wanazuoni wengi waliandika Kiarabu na kusomana wao kwa wao, ilhali yeye alitaka mvuvi, mchuuzi na karani waelewe. Baadhi ya makala hizo zilikusanywa katika kitabu kilichoitwa Uwongozi, kilichotoka mwaka 1944.

Ndani ya maandishi hayo alirudia jambo moja kwa njia nyingi. Aliwalaumu Waislamu wenzake kwa kuchukua kutoka kwa Wazungu yale yasiyo na faida, kama mavazi, ulevi na anasa, huku wakiyaacha yaliyowapa Wazungu nguvu, nayo ni elimu, umoja, bidii ya kazi na mapenzi ya nchi yao. Mwacha mila ni mtumwa, walisema wahenga, na Sheikh aliogopa utumwa huo. Kwake, kujifunza kutoka kwa mtu wa dini nyingine hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kumwiga kwa sababu ya kujidharau.

Ukali wake hakuuelekeza nje peke yake. Aliwakemea Waislamu waliofilisika kwa gharama za harusi na matanga, na akapinga mambo yaliyoingizwa katika ibada bila msingi. Mji wake mwenyewe ulikuwa na mfano wa sherehe yenye asili isiyo ya Kiislamu. Hiyo ni Siku ya Mwaka, inayofuata hesabu ya jua yenye asili ya Uajemi wala si mwezi wa Kiislamu, ambapo watu wa Mvita walimzungusha ng'ombe mjini, wakamchinja na kufanya karamu penye kaburi la Shehe Mvita. Wenyeji wengi waliiona kuwa mila yao, ilhali wanazuoni wa mageuzi waliitilia shaka. Kwa hiyo suala la sikukuu zisizo za Uislamu halikuletwa na meli za wamishonari. Lilikuwapo nyumbani kabla ya Krismasi kufika.

Suala lenyewe lina mizizi mirefu katika elimu ya Kiislamu. Ibn Taymiyya, aliyefariki Damascus mwaka 1328, aliandika kitabu kizima akionya dhidi ya kushiriki sikukuu za watu wa dini nyingine, akitegemea hadithi inayosema kuwa mwenye kujifananisha na watu huhesabiwa miongoni mwao. Wanazuoni wengi wa Saudi Arabia wameufuata msimamo huo hadi kukataza hata salamu za Krismasi. Upande wa pili, wapo wanaoitazama aya ya nane ya Sura Al-Mumtahina, inayoruhusu kuwatendea wema na uadilifu wasiowapiga vita Waislamu, pamoja na amri ya Sura An-Nisaa ya kuijibu salamu kwa iliyo bora zaidi. Miongoni mwao alikuwa Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki mwaka 2022, ambaye aliruhusu kumpongeza jirani Mkristo. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba Mwislamu haingii katika ibada yenyewe.

Mwelekeo wa Sheikh Al-Amin unagusa pande zote mbili. Anayetaka kukataza atapata kwake onyo zito dhidi ya uigaji. Anayetaka kuruhusu wema atapata mtu aliyewasifu Wazungu kwa yaliyo mema na aliyewasuta Waislamu waliodhani kwamba kuwachukia wengine ni uchamungu. Kipimo chake kilikuwa kumtazama Mwislamu mwenyewe na kuuliza kama anaijua dini yake. Mwenye kuijua humtembelea jirani na kurudi nyumbani akiwa yule yule. Asiyeijua huweza kupotea hata akijifungia ndani.

Ndiyo maana alitumia nguvu nyingi katika elimu. Alidai Waarabu na Waswahili wafundishwe dini na lugha ya Kiarabu ndani ya shule za serikali, ili wasichague kati ya kalamu na imani. Alitetea pia elimu ya wasichana wakati ambapo wazee wengi hawakutaka kuisikia. Mwaka 1923 Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya UMCA huko Zanzibar, alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, na Sheikh alitambua kwamba Waislamu wameachia kazi yao ifanywe na wengine. Alianza kuandika tafsiri yake mwenyewe, ambayo sehemu yake ilichapishwa baada ya kifo chake.

Mwaka 1932 aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Wadhifa huo ulimweka mahali pagumu. Mkosoaji wa uigaji sasa alikuwa mtumishi wa dola ya Kikristo, akilipwa mshahara na serikali ile ile iliyowavutia vijana wake. Aliushika wadhifa huo miaka 10, hadi alipofariki Mombasa mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 56.

Wanafunzi wake wawili walikuja kukikalia kiti chake. Sheikh Muhammad Kassim Mazrui aliteuliwa mwaka 1963, na mwaka 1968 akafuatiwa na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja ambaye tafsiri yake kamili ya Kurani ilitoka mwaka 1969. Wote wawili waliendeleza vita dhidi ya bidaa, na wote wawili walifariki mwaka 1982.

Mwanawe, Ali Mazrui, alikuwa na umri wa miaka 14 baba yake alipoaga dunia. Miaka michache baadaye, akiwa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, kijana huyo alitoa hotuba kuhusu Mtume Muhammad katika sherehe ya Maulidi. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Gavana huyo alivutiwa na kijana, na njia ya kwenda kusoma Uingereza ikafunguka. Hivyo safari ya profesa aliyekuja kujulikana duniani kote, na aliyefariki mwaka 2014, ilianza kwa mtu wa dini nyingine kukubali mwaliko wa sherehe ya Waislamu.

Kenya ya leo imejaribu kutoa nafasi kwa wote. Krismasi, Ijumaa Kuu na Idd-ul-Fitr ni mapumziko ya taifa, na sheria inazitaja pia Idd-ul-Azha kwa Waislamu na Diwali kwa Wahindu. Lakini sheria haiwezi kumwambia mwenye duka wa Kericho amjibu nini jirani aliyebisha hodi asubuhi ya Desemba 25, akiwa na sahani mkononi na watoto nyuma yake. Jibu hilo Sheikh Al-Amin aliwaachia Waislamu wenyewe walitafute kwa elimu, baada ya kuwaonyesha kwamba jirani anayebisha hodi si adui, na kwamba dini ya mwenye nyumba haitoki kwa kufunguliwa mlango.