Josh Gibson, Bingwa Aliyekosa Daftari

Sisi tukikutana kibarazani hubishana juu ya mpira wa miguu mpaka chai ikapoa vikombeni. Wamarekani nao wana mchezo wao wa kubishania, nao ni besiboli. Lakini ubishi wao hauendi bila hesabu. Mzee wa Chicago akimsifu mpigaji wake, na kijana wa New York akimsifu wake, kila mmoja atatoa tarakimu za mwaka 1911 au 1941 kana kwamba amezisoma jana. Katika mchezo ule daftari ndilo hakimu. Leo nataka kuwasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye hakimu huyo hakumsikiliza mpaka alipokuwa amelala kaburini miaka 77. Mtu huyo ni Josh Gibson.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe kidogo, maana kwetu haujaenea sana, ijapokuwa jirani zetu wa Uganda walipeleka timu ya watoto kwenye mashindano ya dunia huko Marekani mwaka 2012. Kila upande una watu tisa. Mtupaji hurusha mpira kwa nguvu na hila, na mpigaji humngoja akiwa na gongo. Akiupiga mpira vizuri na kukifikia kituo salama, huandikiwa kipigo kimoja. Akiupiga ukavuka ua wa kiwanja, huvizunguka vituo vyote akarudi alipoanzia, na hiyo huitwa homurani. Nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji, amevaa kinyago cha chuma usoni, na kazi yake ni ngumu kuliko zote. Mpigaji anayepata vipigo 300 katika majaribio 1,000 huhesabiwa kuwa hodari. Kumbukeni hesabu hiyo, maana tutarudi kwayo.

Josh Gibson alizaliwa tarehe 21 Desemba 1911 katika mji mdogo wa Buena Vista, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa mkulima, na maisha ya mtu mweusi katika upande ule yalikuwa ya dhiki na hofu. Baba akaenda kaskazini, katika mji wa Pittsburgh, akapata kazi katika kiwanda cha chuma cha pua, kisha akaita jamaa zake wamfuate. Josh alijifunza ufundi wa umeme kwa muda, akaacha shule, akaingia kazini. Jioni na siku za mapumziko alikuwa kiwanjani. Alipokuwa mtu mzima kimo chake kilikuwa futi 6 na inchi 1, na uzito wake ulipita ratili 200.

Mji wa Pittsburgh una sifa katika historia ya mchezo huu. Tarehe 5 Agosti 1921, kituo cha redio KDKA kilitangaza mchezo wa ligi kuu kwa mara ya kwanza, kutoka kiwanja cha Forbes Field. Mtangazaji alikuwa Harold Arlin, na alitumia simu iliyogeuzwa kuwa kipaza sauti. Tangu siku ile sauti za watangazaji zikaingia majumbani, na sifa za wachezaji zikafika hata mashambani ambako mtu hajapata kuona kiwanja. Lakini wachezaji waliosifiwa hivyo walikuwa Wazungu. Tangu mwisho wa karne ya 19 wenye timu kubwa walikuwa wamepatana, pasipo kuandika sheria yo yote, kwamba mtu mweusi asichezee timu zao. Watu weusi nao hawakukaa kulia. Mwaka 1920, huko Kansas City, Rube Foster na wenziwe walianzisha ligi yao wenyewe, na baadaye zikafuata nyingine. Michezo ya ligi hizo ilitangazwa redioni mara chache mno. Walioiandika zaidi ni magazeti ya watu weusi, kama Pittsburgh Courier na Chicago Defender, nayo hayakuwa na watu wa kutosha kumpeleka mwandishi kila mahali.

Mwaka 1930, Josh alipokuwa na miaka 18, alichukuliwa na timu ya Homestead Grays, iliyokuwa na jina kubwa katika upande ule. Watu wakastaajabu jinsi kijana yule alivyoupiga mpira bila kujikaza, kama mtu apepetaye unga. Lakini mwaka huo huo wa furaha ulikuwa wa msiba. Mwezi wa Agosti mkewe, Helen, alifariki akijifungua watoto mapacha, mvulana na msichana. Watoto wakapona. Wakalelewa na wazazi wa mama yao, kwa kuwa baba yao alikuwa safarini daima. Mchezaji mweusi asiyesafiri hakuwa na mshahara.

Na safari zenyewe zilikuwa za taabu. Timu ilikwenda kwa basi usiku kucha, ikacheza mji huu mchana na mji mwingine jioni. Penye hoteli zisizowapokea weusi, wachezaji walilala ndani ya basi. Penye mikahawa iliyowafukuza, walikula mkate mkavu njiani. Kati ya mwaka 1932 na 1936 Josh aliichezea Pittsburgh Crawfords, pamoja na mtupaji Satchel Paige na mkimbiaji Cool Papa Bell, ambao majina yao yanatajwa mpaka leo. Mwaka 1937 walikwenda visiwani, katika Jamhuri ya Dominika, wakaichezea timu ya mji mkuu, ambao wakati huo uliitwa kwa jina la mtawala Trujillo. Mwaka 1940 na 1941 Josh alicheza Meksiko. Huko ugenini mchezaji mweusi aliweza kula na kulala kama watu wengine, jambo ambalo kwao alinyimwa.

Aliporudi Grays, timu hiyo ilikuwa ikicheza michezo yake mingi mjini Washington, katika kiwanja cha Clark Griffith, mwenye timu ya Wazungu ya mji huo. Griffith alipokea kodi ya kiwanja na aliwaona wachezaji wale kwa macho yake. Buck Leonard, rafiki yake Josh, alisimulia baadaye kwamba Griffith aliwaita wote wawili akawauliza kama wangependa kucheza katika ligi kuu. Walijibu kwamba wangependa. Hawakuitwa tena.

Mwanzoni mwa mwaka 1943 Josh alianguka, akazimia, akalazwa hospitali. Husimuliwa kwamba madaktari waliona uvimbe kichwani, naye akakataa kupasuliwa kwa kuogopa kwamba hataamka mzima. Maumivu ya kichwa hayakumwacha, na ulevi ukamwandama. Hata hivyo, angalieni hesabu ya mwaka huo huo: alipiga kwa wastani wa vipigo 466 katika kila majaribio 1,000. Mwaka huo na uliofuata Grays walitwaa ubingwa wa ligi zote za weusi.

Josh Gibson alifariki Pittsburgh tarehe 20 Januari 1947, akiwa na miaka 35 tu. Siku 85 baadaye, tarehe 15 Aprili, Jackie Robinson aliingia kiwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers, na ule mpango wa kuwazuia weusi ukavunjika. Chanda chema huvikwa pete, lakini pete hii ilifika chanda kimekwisha zikwa. Kaburi lake Josh lilikaa bila jiwe lenye jina mpaka mwaka 1975.

Sasa nafika kwenye ubishi. Mwaka 1969 ilichapishwa kamusi kubwa ya hesabu za besiboli, na kabla yake kamati ilikaa kuamua ni ligi zipi za zamani zihesabiwe kuwa ligi kuu. Ikachagua sita, mojawapo ikiwa imedumu mwaka mmoja tu, 1884. Ligi za weusi hazikuwamo. Mwaka 1972 Josh aliingizwa katika Jumba la Mashujaa huko Cooperstown, na bamba lake likaandikwa kwamba alipiga homurani karibu 800. Basi akawa shujaa asiye na ukurasa katika daftari: sifa anazo, hesabu hana.

Ndipo watafiti, wengi wao bila mshahara, walipoketi miaka mingi na magazeti yaliyochakaa, wakinakili mchezo mmoja mmoja. Desemba 2020 wakuu wa besiboli walikubali kwamba ligi saba za weusi, za mwaka 1920 mpaka 1948, zilikuwa ligi kuu. Mwisho wa Mei 2024 hesabu za wachezaji zaidi ya 2,300 zikaingizwa rasmi. Josh Gibson akasimama wa kwanza katika wastani wa maisha, vipigo 372 katika 1,000, akampita Ty Cobb mwenye 367, aliyekaa juu muda mrefu. Na ile 466 ya mwaka 1943 ikawa ya kwanza kwa msimu mmoja, ikiipita 440 ya Hugh Duffy ya mwaka 1894.

Washabiki wakagawanyika. Wanaopinga husema kwamba Cobb alikwenda kupiga mara zaidi ya 11,000, na Gibson katika michezo ya ligi zaidi kidogo ya 2,000. Kwamba msimu wa weusi ulikuwa mfupi. Na kwamba Josh hakuwakabili watupaji bora wa Kizungu. Hoja hizi si za kudharauliwa. Mwanafunzi yeyote wa hesabu anajua kwamba wastani wa majaribio machache hupanda na kushuka kwa urahisi kuliko wa majaribio mengi.

Lakini mimi nikizipima naona hazitoshi. Kama Josh hakuwakabili watupaji wa Kizungu katika ligi, Cobb na Babe Ruth nao hawakumkabili Satchel Paige katika ligi, wala hakuna aliyewapunguzia hesabu kwa sababu hiyo. Kama msimu ulikuwa mfupi, basi mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ligi kuu ilicheza michezo 60 tu kwa kila timu, na hesabu zake zimo daftarini. Hata daftari la Wazungu si msahafu. Mwaka 1981 iligunduliwa kwamba mchezo mmoja wa mwaka 1910 uliandikwa mara mbili, na Ty Cobb akazidishiwa vipigo viwili. Ndiyo sababu wengine humwandikia 366 badala ya 367.

Upande wa pili pia una wapenzi waliopita kiasi. Wako wasemao kwamba Josh aliupiga mpira ukatoka kabisa nje ya Yankee Stadium, lakini habari hiyo haina ushahidi wa kuandikwa siku ile. Na zile homurani 800 zimechanganya michezo ya ligi na michezo ya njiani, dhidi ya timu za vijijini na za viwanda. Zilizothibitishwa katika ligi hazifiki 200. Mimi naona kwamba anayempenda Josh hana haja ya kumwongezea. Ile 372 ilitafutwa ukurasa kwa ukurasa, nayo yatosha. Tukiingiza hadithi ndani ya daftari, tutawapa nguvu wale waliokataa hata yaliyo kweli.

Msimamizi wa kamati iliyofanya kazi hiyo, John Thorn, alikadiria kwamba robo tatu hivi ya kumbukumbu za ligi zile zimepatikana. Fikirini, wasomaji, robo iliyobaki. Humo wamo vijana waliopiga vizuri siku moja mbele ya watu elfu, na mwandishi hakuwako, au gazeti liliungua, au mwenye daftari alilipoteza basini. Hao hawatarudishiwa chochote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Josh alipata daftari lake kwa kuchelewa kwa sababu wako watu wachache walioandika, na wengine wachache waliohifadhi.

Kwa hiyo nawaomba manahodha wa timu zetu, na waalimu wa michezo, na nyinyi wazazi mnaokuja siku ya mashindano: mchezo ukimalizika, andikeni. Andikeni tarehe, majina yote na hesabu, ya washindi na ya walioshindwa, ya mtoto wa mkubwa na ya mtoto wa mkulima. Msimpe mtu asichokipata, wala msimnyime alichokipata. Kisha lifungeni daftari hilo kabatini, kwani huenda mtu asiyezaliwa bado akaja kuliuliza.