Eleanor Rathbone: Mbunge aliyetaka posho ya mtoto ikabidhiwe mama

MACHI 1945, wakati Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikielekea ukingoni barani Ulaya, Bunge la Uingereza lilianza kuujadili muswada wa posho ya familia. Hakuna aliyekuwa ameusubiri kwa hamu kama Eleanor Rathbone, mbunge asiye na chama, aliyekuwa na umri wa miaka 72.

Hata hivyo, muswada huo ulimtia simanzi. Serikali ilikubali kulipa shilingi tano kwa wiki kwa kila mtoto, isipokuwa wa kwanza, lakini ilitaka fedha hizo zihesabiwe kuwa mali ya baba. Mama huyo alitamka wazi bungeni kwamba kifungu hicho kisipobadilishwa, atapiga kura ya kuukataa muswada alioupigania kwa zaidi ya robo karne.

Eleanor Florence Rathbone alizaliwa London tarehe 12 Mei 1872, katika ukoo wa wafanyabiashara matajiri wa Liverpool. Baba yake, William Rathbone, alikuwa mbunge wa chama cha Liberal na mmoja wa waasisi wa huduma ya wauguzi wanaowafuata wagonjwa majumbani.

Mwaka 1893 binti huyo aliingia Chuo cha Somerville, Oxford, akasoma falsafa na lugha za kale. Alimaliza masomo mwaka 1896 lakini hakutunukiwa shahada, kwa kuwa Oxford haikuwapa wanawake shahada hadi mwaka 1920.

Aliporejea Liverpool alijitosa katika kazi za kuwasaidia maskini. Alichunguza maisha ya makuli wa bandarini, walioajiriwa kwa kibarua cha siku moja au hata nusu siku. Aliona kwamba kipato cha mume kilipanda na kushuka kila wiki, ilhali idadi ya vinywa vya kulishwa ilibaki ile ile, na mzigo wa kuziba pengo ulimwangukia mke.

Mwaka 1909 alichaguliwa kuwa diwani wa Liverpool, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la jiji hilo. Mwaka 1913 alitoa ripoti kuhusu hali ya wajane waliotegemea Sheria ya Maskini. Chini ya sheria hiyo, mjane alipewa msaada mdogo na kuchunguzwa mwenendo wake kana kwamba kufiwa na mume ni kosa.

Vita vya mwaka 1914 vilimpa ushahidi aliokuwa akiutafuta. Serikali ililazimika kuwalipa wake wa askari posho ya kila wiki, iliyoongezeka kwa kadiri ya idadi ya watoto. Katika miezi ya mwanzo malipo yalichelewa na ofisi za Serikali zikaelemewa. Rathbone alisimamia kazi ya kuzihudumia familia hizo mjini Liverpool.

Hapo ndipo alipoona jambo lililoongoza maisha yake yote yaliyofuata. Mama aliyepokea fedha mkononi mwake, kwa kiasi kinachojulikana na siku inayojulikana, aliweza kupanga chakula, kodi ya nyumba na mavazi ya watoto. Kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kufanya hivyo.

Mwaka 1919 alimrithi Millicent Fawcett katika uongozi wa muungano wa kitaifa wa vyama vya kupigania haki za wanawake. Mwaka 1924 alichapisha kitabu kilichoitwa The Disinherited Family, akieleza kuwa mshahara hautazami idadi ya watoto, hivyo jamii haina budi kuchangia malezi yao moja kwa moja. Miongoni mwa wasomaji aliowashawishi alikuwamo William Beveridge, aliyekuwa mkuu wa Chuo cha Uchumi cha London.

Mwaka 1925 Bunge lilipitisha sheria ya pensheni kwa wajane, yatima na wazee waliochangiwa katika bima. Mjane alipata shilingi 10 kwa wiki bila kupitia mlango wa Sheria ya Maskini.

Mwaka 1929 Rathbone alichaguliwa kuwa mbunge wa vyuo vikuu vya Uingereza, kiti alichokishikilia hadi kufa kwake. Kwa kuwa hakuwa na chama, hakuwa na cheo cha kutarajia wala kiongozi wa kumwogopa. Silaha zake zilikuwa maswali, takwimu na mapendekezo ya kurekebisha vifungu.

Silaha hizo alizielekeza kwanza kwenye malipo ya wasio na ajira. Tangu mwaka 1931 Serikali ilipima kipato cha kaya nzima kabla ya kulipa, na mshahara wa kijana aliyeishi na wazazi ungeweza kupunguza malipo ya baba yake. Bodi mpya ilipoundwa mwaka 1934 kusimamia msaada huo, Rathbone na wenzake walihoji viwango vilivyowekwa kwa watoto, wakivilinganisha na gharama halisi ya chakula. Viwango vipya vya bodi hiyo vilipoanza kutumika Januari 1935, maandamano yalizuka nchini, na mwezi uliofuata Serikali ililazimika kuvisimamisha.

Inasimuliwa kwamba maofisa wa Serikali walipomwona akija katika korido, mkoba umejaa makaratasi, walijificha nyuma ya nguzo ili kuepuka maswali yake. Aliwaandama vivyo hivyo kuhusu wakimbizi wa Hispania na Wayahudi waliomkimbia Hitler.

Jina lake linagusa pia Afrika Mashariki. Desemba 1929 yeye na Duchess of Atholl waliibua bungeni suala la ukeketaji nchini Kenya, wakati mgogoro juu ya mila hiyo ukitikisa nchi ya Wakikuyu. Hata hivyo, juhudi zake kuhusu wanawake wa makoloni hazikupokewa vyema na wote. Wanawake wasomi wa India, kwa mfano, walimlaumu kwa kuwasemea bila kuwashirikisha, lawama ambayo ilikuwa na uzito wake.

Mwaka 1942 Beveridge alitoa ripoti yake mashuhuri juu ya hifadhi ya jamii, na posho ya watoto ilikuwa mojawapo ya nguzo zake. Alipendekeza wastani wa shilingi nane kwa wiki. Serikali ilizipunguza hadi tano, kisha ikaleta muswada ulioziweka mikononi mwa baba.

Kwa Rathbone, upunguzaji ungeweza kusahihishwa baadaye, lakini suala la nani apokee lilikuwa ndilo roho ya sheria yenyewe. Wabunge wa pande mbalimbali walimuunga mkono. Serikali ilipoona upepo umegeuka, iliwaachia wabunge wapige kura kwa dhamiri zao bila kufungwa na vyama, na kifungu kikabadilishwa. Fedha zikawa za mama, na Juni 1945 muswada ukawa sheria.

Eleanor Rathbone alifariki dunia ghafla tarehe 2 Januari 1946. Malipo ya kwanza yalitolewa tarehe 6 Agosti mwaka huo, miezi saba baada ya kifo chake, akina mama walipofika kwenye ofisi za posta kuchukua fedha zao. Mtoto wa kwanza, aliyeachwa nje mwaka 1945, alijumuishwa mwaka 1977 mfumo mpya ulipoanza.

Hakuwahi kuwa waziri wala kuongoza idara yoyote ya Serikali. Kifungu alichokipigania kilikuwa na maneno machache tu, lakini kiliamua ni mkono upi ungepokea shilingi tano za mtoto kila wiki.