Al-Sufi na Kile Kiwingu Kidogo



Makala hii ni deni. Muhula uliopita, katika darsa yetu ya baada ya Isha, nilisimama kuzungumzia wanachuoni wa Kiislamu na elimu ya nyota. Nilikuwa na picha kwenye simu: mawingu mekundu, ya samawati na ya zambarau yametanda angani, na chini yake maneno kwamba Abdul-Rahman al-Sufi ndiye aliyegundua galaksi miaka elfu moja iliyopita. Nikayasoma kama yalivyo. Takbir ikapigwa. Kisha dada mmoja wa mwaka wa kwanza, anayesoma fizikia, akauliza kwa adabu: huyo al-Sufi alizionaje rangi hizo bila darubini, na alijuaje kuwa ni galaksi? Sikuwa na jibu. Picha nilitumiwa, nami nikaipitisha kwa wengine. Likizo yote nimekuwa nikimsoma mtu huyu.

Alizaliwa mwaka 903, sawa na 291 Hijria, katika mji wa Rayy, ambao magofu yake leo yamo kusini mwa Tehran. Ulikuwa wakati ambao khalifa wa Baghdad alikuwa akipoteza nguvu, na Uajemi ikaangukia mikononi mwa ukoo wa Buwayhi. Al-Sufi aliishi chini ya watawala hao. Amiri wao mkubwa, Adhud ad-Dawla, alikuwa mwanafunzi wake na akajivunia kwamba elimu ya nyota aliipata kwake. (Nimejaribu kuwaza kiongozi wa leo akijisifia mwalimu wake wa nyota, nimeshindwa.)

Karibu na mwaka 964 alikamilisha kitabu kilichompa jina, kitabu cha sura za nyota zisizohama. Msingi wake ulikuwa kazi ya Ptolemy, Mgiriki wa Iskandaria aliyeandika orodha ya nyota zaidi ya elfu moja katika makundinyota 48. Orodha hiyo ilikuwa na zaidi ya karne nane, na watu walikuwa wakiinakili tu. Hapo ndipo nilipoona aibu yangu imeandikwa zamani. Katika utangulizi wake, al-Sufi analalamikia watu waliojiita wajuzi wa nyota ilhali walichukua kila kitu vitabuni, au kwenye matufe yaliyochorwa na mafundi wasioijua mbingu, bila ya kuinua macho kulinganisha. Hakuwaonea haya hata wenye majina makubwa.

Yeye alitoka nje akatazama. Alipitia nyota moja moja, akapima kwa jicho mwanga wake, na pale Ptolemy alipokosea akasema amekosea. Akaandika na rangi za baadhi ya nyota. Kila kundi alilichora mara mbili: linavyoonekana kwetu tukiwa ardhini, na linavyoonekana kwenye tufe, ambako kulia huwa kushoto. Pembeni akaweka majina ya Waarabu wa jangwani, kama Thurayya, ambayo wakulima wetu huiita Kilimia.

Lakini tusimpambe kupita haki yake. Mahali pa nyota hakupima upya. Alichukua hesabu za Ptolemy akaziongezea nyuzi 12 na dakika 42, kwa kukadiria kwamba nyota husogea nyuzi moja kila miaka 66. Leo tunajua ni kiasi cha miaka 72. Ptolemy alisema 100, kwa hiyo al-Sufi alikuwa karibu zaidi na ukweli.

Sasa lile wingu. Katika kundi la Mwanamke Aliyefungwa Minyororo, ambalo wengi huliita Andromeda, Waarabu waliona pia samaki mkubwa. Mbele ya mdomo wa samaki huyo al-Sufi akaandika kuwa kuna doa la ukungu, na katika mchoro likatiwa kwa vitone. Basi. Hakusema ni galaksi, wala hakudai kuligundua. Ni maandishi ya kwanza tunayoyajua juu ya kitu hicho. Huko Ulaya, Simon Marius alilitazama kwa darubini mwaka 1612, na ilikuwa miaka ya 1920 ndipo Edwin Hubble alipoonyesha kwamba liko nje kabisa ya galaksi yetu. Nuru yake husafiri kiasi cha miaka milioni 2.5 kutufikia.

Na zile rangi? Jicho la binadamu gizani halibagui rangi vizuri, na mwanga wa mawingu hayo ni hafifu mno. Kamera hukusanya nuru kwa muda mrefu, ndipo wekundu wa gesi ya hidrojeni unapojitokeza, na vumbi likaonekana kama mapengo meusi yanayoziba nyota za nyuma. Picha yangu, nilikuja kutambua, haikuwa hata ya Andromeda. Ilikuwa nebula ya Orion, wingu ambalo al-Sufi, pamoja na macho yake yote, hakuliandika.

Alifariki mwaka 986, miaka mitatu baada ya amiri wake. Katika mwezi kuna shimo liitwalo Azophi, jina lake kama Walatini walivyolitamka.

Mwezi Novemba umeme ulikatika chuoni kote. Baada ya Isha tulitoka uwanjani, na dada yule akatuelekeza kaskazini. Wenzangu wakasema wameona. Mimi nilikodoa macho robo saa nzima nikiona giza tu, mpaka akanishauri nisilitazame moja kwa moja, nitazame kando yake kidogo. Likatokea: la kijivu, dogo, kama pumzi kwenye kioo.