Ladi Kwali, Mama wa Mitungi

Mimi nilikuwa mmoja wa wale wanaodhani ufinyanzi ni kazi ya waliokosa shule. Nyanya yangu ni mfinyanzi, na siku za soko hapa Eldoret nilipombebea vyungu nilipitia vichochoroni ili wenzangu wasinione. Kisha nikasoma habari za Ladi Kwali, nikanyamaza.

Mama huyu alizaliwa yapata mwaka wa 1925 katika kijiji cha Kwali, nchini Nigeria, na kazi alifundishwa na shangazi yake. Gurudumu hakuwa nalo. Alipanga kamba za udongo moja juu ya nyingine, huku yeye mwenyewe akiuzunguka mtungi. Mijusi, nyoka na nge aliwachora udongo ungali mbichi.

Mwaka wa 1950 Mwingereza Michael Cardew aliiona mitungi yake katika jumba la mtawala wa Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja. Cardew akaanzisha chuo cha ufinyanzi hapo, na mwaka wa 1954 Ladi akajiunga, mwanamke peke yake kati ya wanaume watupu. Hapo ndipo penye utamu! Gurudumu alijifunza, tanuri kali alilijua, lakini mtungi wa shangazi hakuuacha. Aliufinyanga kwa mkono vilevile, kisha akaupaka mchanganyiko ambao motoni hugeuka kama kioo. (Kusema kweli mtungi wa namna hiyo haupoozi maji, maana haupumui. Nyanya angeukataa.) Akawa mwalimu, na wanawake wengine kama Halima Audu na Asibi Ido wakamfuata chuoni.

Kazi yake ilionyeshwa London, na mwaka wa 1972 alizuru Marekani akifinyanga mbele ya watu. Mwaka wa 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kikampa shahada ya heshima ya udaktari, yeye ambaye shule hakusoma! Alifariki mwaka wa 1984. Leo picha yake akiwa kazini iko kwenye noti ya naira 20.

Na sisi Wakenya tumo. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alifika Abuja mwaka wa 1974 akajifunza kwake, na sasa vyombo vya Odundo vimo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani.

Likizo ya Agosti nilimwomba Nyanya anifundishe. Alicheka sana, kisha akanituma udongo mtoni. Mtungi wangu wa kwanza ulipasuka motoni. Wa pili unavuja kidogo, lakini siku ya soko niliubeba mwenyewe, na nikapita barabara kuu.