Fumo Liyongo na Mwana Aliyenunuliwa

Kila nipandapo feri ya Likoni huwakuta vijana wa shule wameinamia vitabu vya picha vya mashujaa wa Marekani, na siku hizi hata simu zao zimejaa mashujaa hao hao. Anayependwa zaidi ni yule Spider-Man, aliyebuniwa na Stan Lee na Steve Ditko mwaka 1962: mtoto yatima wa shule mjini New York, mwenye nguvu za ajabu lakini mfukoni hana kitu, apiganiaye haki za watu na huku mambo yake mwenyewe yamemshinda. Siwalaumu vijana, hadithi ni tamu. Ila husikitika niwasikiapo wakisema kwamba pwani yetu haikupata kuwa na shujaa wa namna hiyo. Askofu Edward Steere alipochapisha hadithi zake za Kiswahili huko London mwaka 1870, miaka 92 kabla ya huyo Spider-Man kuzaliwa kwenye karatasi, habari za Fumo Liyongo zilikuwamo, na wakati huo zilikwisha kuwa za kale.

Fumo ni mkuki, na katika pwani ya kaskazini ndilo lililokuwa jina la heshima la wakuu. Liyongo alikuwa mtu wa Shaka na Ozi, huko Mto Tana unakoingilia baharini. Wataalamu wangali wakishindana juu ya karne aliyoishi, nami nawaachia ushindani wao. Habari zake tunazipata kwa ukamilifu katika utendi wa mwaka 1913 ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mtunzi, mwandishi wa hati nzuri na mchongaji.

Utendi wasema alikuwa mrefu kupita watu wote, na mwendo wa siku nne, kutoka Shaka hadi Pate, yeye akiumaliza kwa siku moja. Waorma, ambao wahenga wakiwaita Wagala, walipofika Pate wakasikia sifa zake, waliomba waonyeshwe. Akaja, akapuliza baragumu likapasuka. Akatua mkoba wake, akatoa kinu na mchi, vyungu vya kupikia na mafiga yake, hata uwanja ukajaa. Wageni wakaona mbegu kama ile isipotee, wakamwoza binti yao. Akazaliwa mtoto wa kiume.

Hapo ndipo fitina ilipoanza. Mtawala wa Pate, ambaye masimulizi mengi humwita Daudi Mringwari, naye ni jamaa yake Liyongo, aliogopa kiti chake kitachukuliwa. Kwanza aliwatuma watu wa mwituni wamfanyie urafiki. Wakawa wanakula makoma, kila siku mmoja wao akipanda mkoma kuwaangulia wenziwe, ili zamu ya Liyongo ifikapo wampige mishale akiwa juu mtini. Zamu ilipofika, yeye aliyaangusha makoma kwa mishale yake, akiwa amesimama chini.

Baadaye akakamatwa, akatiwa pingu katika gereza la Pate. Mimi mtunga mashairi hapa ndipo nipapendapo kuliko pote. Mamaye akimletea chakula kizuri na walinzi wakikila, wakimwachia makombo. Basi Liyongo akamwimbia Saada, mjakazi wa mamaye, beti zenye ujumbe: mama aoke mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Walinzi wakaudharau mkate ule, kwani nani ale wishwa? Ukamfikia mwenyewe. Alipoulizwa haja yake ya mwisho kabla ya kuuawa, akataka ngoma ya gungu. Matari na matoazi yakalia, mji mzima ukaja kutazama, na chini ya kelele zile yeye akawa akikata minyororo. Akatoka, watu wakatawanyika. Katika vitabu vya picha shujaa huvunja ukuta kwa ngumi. Huyu wetu alitumia shairi, mkate na ngoma.

Wasimulizi wengi hupenda kuishia hapo kwa vifijo, halafu mauti wakayapitia haraka. Mimi sioni haki kufanya hivyo. Yule kijana mwenye taabu zake, ambaye wasomaji wa leo wamtafuta, yumo humu humu, naye si Liyongo. Ni mwanawe.

Mtazame. Mama ni wa Waorma, baba ni mtu wa kuwindwa na dola, makao yake ni mwituni. Mtoto akakua na jina kubwa kuliko yeye. Mtawala akamwita, akamwahidi kumwoza bintiye na kumpa uwaziri, kwa sharti moja. Kijana akakubali. Akaenda kumwuliza babaye ni kitu gani kiwezacho kumdhuru. Liyongo, kwa mujibu wa utendi, hakuwa mjinga. Alijua mwanawe ametumwa, na bado akamwambia siri: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni.

Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi. Kijana alipewa sindano, akarudi kwa babaye, na mkono ukakataa. Siku zikapita akisitasita, hata barua ikaja kutoka Pate kumhimiza. Ndipo, baba akiwa amelala chali, akamchoma.

Sisi wa Likoni hatuna haki ya kustaajabia kwamba kijana aweza kununuliwa kwa ahadi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo chetu cha polisi kilivamiwa, makumi ya watu wakauawa siku zile na maelfu wakakimbia nyumba zao. Wengi wa waliotiwa kiapo msituni walikuwa vijana wasio na kazi, walioahidiwa mambo yatakuwa mazuri kwao wageni wakishaondoka. Tume ya Jaji Akiwumi iliyoundwa mwaka 1998 ilisikiliza mashahidi wengi. Vijana wale tuliwaita wauaji, na wauaji walikuwa. Walioahidi ndio ambao hatukuwataja kwa sauti kubwa.

Liyongo aliamka na jeraha lake, akatwaa uta, akaenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale akavuta. Roho ikamtoka katika hali ile ile. Wenyeji wakaona yuhai na ana hasira, hapana aliyethubutu kuteka maji. Siku tatu mji ukawa na kiu. Wakamwendea mamaye, wakamsihi ambembeleze mwanawe, naye akawa akienda kumwimbia kwa mbali kwa huruma, asijue kwamba aimbiaye ni maiti. Maiti ilipoanguka ndipo walipokaribia, wakaiona sindano.

Kaburi lionyeshwalo kuwa lake liko Ozi, karibu na Kipini. Mwana naye alikwenda kudai mke na uwaziri. Mtawala aliyemtuma akamfukuza, akisema aliyemwua babaye hafai kuaminiwa. Akaenda kwa wajomba zake, nao hawakumtaka. Akashikwa na maradhi, akafa angali kijana, na Kijumwa, aliyemtaja baba katika beti nyingi, hakutupa hata jina la mtoto.