Sir John Wilson: Asiyeona Aliyeitumikia Afrika kwa Nusu Karne

Na Mwandishi Wetu, Chwaka

Mwaka 1931 yalitokea mambo matatu katika miji mitatu tofauti, bila wahusika wake kujuana, na yote yakawahusu watu wasioona. Mjini Paris, bibi mmoja wa ukoo wa kikabaila, Guilly d'Herbemont, alianza kugawa fimbo nyeupe baada ya kuchoka kuwatazama wasioona wakikoswakoswa na magari barabarani. Katika mji wa Wallasey, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, wanawake wawili, Muriel Crooke na Rosamund Bond, walikamilisha mafunzo ya mbwa wanne wa kwanza wa kuongoza wasioona nchini humo. Na katika mji wa pwani wa Scarborough, mvulana wa miaka 12 aliingia darasani kwa somo la kemia akiwa anaona, akatolewa humo akiwa haoni tena.

Mvulana huyo alikuwa John Wilson. Alipofariki dunia tarehe 24 Novemba 1999, shirika alilolianzisha lilikuwa limefanya kazi katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Karibiani, na jina lake lilikuwa likitajwa popote madaktari wa macho walipokutana. Nchini kwetu jina hilo halifahamiki sana nje ya mduara wa watu wenye ulemavu na wanaowahudumia, ingawa mambo aliyoyapigania yanakutwa hadi katika vichochoro vya Chwaka.

Alizaliwa Nottingham tarehe 20 Januari 1919, mtoto wa mchungaji wa Kanisa la Methodisti. Ajali ya darasani ilisababishwa na jambo dogo la kusikitisha: chupa ya kemikali ilikuwa na lebo isiyo sahihi, na kilichomo kilipopashwa moto kikalipuka. Wazazi wake walimpeleka Worcester, katika skuli ya bweni ya wavulana wasioona, ambako alijifunza maandishi ya nukta nundu na kuendelea na masomo yale yale waliyosoma wenzake wenye macho. Kutoka hapo alifaulu kuingia Chuo Kikuu cha Oxford, akasoma sheria, akahitimu kwa daraja la juu. Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, alijiunga na Taasisi ya Taifa ya Wasioona ya Uingereza, na miaka mitatu baadaye akamuoa Jean McDermid, aliyekuwa mwenzi wake wa safari na wa kazi kwa maisha yake yote yaliyobaki. Walijaaliwa mabinti wawili.

Hapa msomaji wa Chwaka ana haki ya kuuliza mbwa wa Wallasey wanamhusu nini. Katika kijiji hiki, kiasi cha kilomita 32 mashariki ya Mji wa Zanzibar, mbwa anajulikana kama mwenzi wa wasasi wanaoingia vichakani kufukuza wanyama waharibifu wa mazao. Barazani na ndani ya nyumba hana nafasi, kwa sababu za dini na za mazoea ambazo hazihitaji kuelezwa hapa. Hata sababu hizo zisingekuwapo, kumfunza mbwa mmoja huchukua miezi mingi, huhitaji wakufunzi maalumu, daktari wa mifugo na chakula cha kila siku, na baada ya miaka michache mnyama huzeeka na kazi ikaanza upya. Jambo moja zaidi husahauliwa na wengi: mbwa haijui safari. Anayeijua safari ni mtu. Mbwa humwepusha na shimo, nguzo na gari, na kusimama penye ukingo. Kwa hiyo hata mwenye mbwa hulazimika kwanza afundishwe kutembea, kuhesabu njia panda na kusikiliza.

Asiyeona wa mwambao wa mashariki ana viongozi wengine. Mchanga laini unapogeuka kuwa changarawe, anajua amefika barabarani. Mvumo wa bahari humwonyesha upande, ingawa maji yanapotoka katika Ghuba ya Chwaka hukimbilia mbali mno na sauti hiyo ikafifia kwa saa kadhaa. Kelele za mnada wa samaki zina mahali pake, na sauti ya kila muadhini inafahamika ni ya msikiti upi. Zaidi ya vyote hivyo, mara nyingi kuna mkono wa mtoto. Mkono huo ndio utakaoturudisha kwa Wilson.

Vita vilipomalizika, Ofisi ya Makoloni ya Uingereza pamoja na Taasisi ya Wasioona ziliunda kamati ya kuchunguza hali ya wasioona katika maeneo yaliyokuwa chini ya himaya hiyo. Wilson, kijana wa miaka 27, aliteuliwa kuwa katibu, na kuanzia mwaka 1946 akazunguka Afrika na Mashariki ya Kati kwa miezi kadhaa. Safari hiyo ilimbadilisha. Uingereza, upofu aliokuwa akishughulika nao ulikuwa zaidi wa wazee na majeruhi wa vita. Barani Afrika alikuta watoto waliopofushwa na surua na ukosefu wa vitamini A, akina mama walioharibiwa kope na trakoma, wazee wenye mtoto wa jicho waliokuwa wameketi kimya pembezoni mwa nyumba wakidhani ni uzee tu. Ripoti iliyotokana na safari ile ilieleza wazi kwamba sehemu kubwa ya upofu huo ungeweza kuzuiwa au kutibiwa. Leo kauli hiyo inasikika ya kawaida. Wakati ule, upofu ulihesabiwa kuwa suala la sadaka, na mwenye kusema kuwa ni suala la dawa, maji safi na chakula alikuwa anaelekeza lawama kwa serikali za kikoloni zenyewe.

Mwezi Januari 1950 ikaundwa Jumuiya ya Himaya ya Uingereza kwa Wasioona, naye akawa mkurugenzi wake. Jina hilo lilikuwa na harufu ya zama zake, na nchi zilipokuwa zikipata uhuru lilibadilishwa likawa la Jumuiya ya Madola. Siku hizi shirika linaitwa Sightsavers. Huduma kwa wasioona katika ukanda wetu hazikuanzishwa naye. Skuli ya wasioona ya Thika nchini Kenya ilikuwa imeanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na skuli ya Buigiri mkoani Dodoma ilifunguliwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Mchango wake ulikuwa wa kuwaunganisha waliokuwa wakifanya kazi kila mmoja peke yake, kuhimiza kila nchi iwe na jumuiya yake, na kuuliza swali ambalo skuli zile hazikuwa zimelijibu: mtoto akishahitimu, ataishi kwa kazi gani?

Jibu lililozoeleka lilikuwa kusuka vikapu na kutengeneza mabrashi, kama ilivyokuwa Ulaya. Wilson aliona kasoro yake mapema. Watu wengi wa Afrika walikuwa wakulima. Asiyeona aliyefundishwa kusuka vikapu mjini kisha akarudi kijijini alirudi akiwa mgeni, mwenye ufundi usio na soko. Kwa hiyo shirika likaunga mkono vituo vya mafunzo ya kilimo, ambako vijana na watu wazima wasioona walijifunza kulima kwa kufuata kamba iliyotandazwa, kupanda kwa kupima kwa vidole, kutunza kuku na kutembea peke yao kati ya nyumba na konde. Hoja hiyo inaeleweka vizuri hapa Chwaka, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani. Kusokota kamba ya usumba, kufunga mbegu za mwani kwenye kamba, kutengeneza nyavu: hizi ni kazi ambazo vidole huzifahamu kabla ya macho, na mwenye kuzifanya hubaki ndani ya uchumi wa kijiji chake. Kwa maoni ya mwandishi, hili ndilo wazo lake bora kuliko yote, ingawa halikumletea sifa nyingi.

Sifa zilikuja kutokana na mto. Katika miaka ya 1950, Wilson na mkewe walikwenda kuishi kwa muda katika kijiji cha Nakong, kaskazini mwa Ghana, ambako sehemu kubwa ya watu wazima walikuwa wamepofuka. Sababu ilikuwa minyoo midogo inayoenezwa na nzi weusi wanaozaliana katika maji yaendayo kasi. Ardhi nzuri ya kando ya mto ilikuwa ikiachwa, na watu wakihamia kwenye udongo mkavu. Ugonjwa huo ulikuwa na jina la kitaalamu, onkosakiasi, lisilotamkika kirahisi na lisilomgusa mtu mfukoni. Jean Wilson ndiye aliyeuita upofu wa mtoni, na jina hilo likaenea duniani kote.

Kilichoonekana kila siku katika vijiji vile kilikuwa mtoto ameshika ncha moja ya fimbo na mtu mzima ameshika ncha nyingine. Mtoto hutangulia, mzee hufuata. Watu wa mbali huiona picha hiyo kama alama ya huruma, na sanamu yake imesimamishwa katika makao makuu ya Shirika la Afya Duniani mjini Geneva. Lakini mtoto huyo hayupo darasani. Upofu wa mtu mmoja hula maisha ya wawili, na kumfundisha mzee kutembea kwa fimbo yake mwenyewe, au kumwondolea mtoto wa jicho, ni kumwachilia mjukuu wake pia. Ugonjwa huo haupo Unguja, ingawa Tanzania Bara unajulikana tangu zamani katika maeneo kama Mahenge na Tukuyu. Mtoto mwenye kushika fimbo, hata hivyo, hahitaji mto wala nzi.

Mwaka 1969 vijana saba wasioona kutoka Kenya, Uganda na Tanzania walipanda Mlima Kilimanjaro. Msafara huo uliandaliwa chini ya shirika la Wilson, akiusimamia ofisa wake Geoffrey Salisbury, na vijana walifanyia mazoezi Loitokitok, upande wa Kenya wa mlima. Walitoka katika nchi tatu zenye lugha nyingi, wakapita msituni, kwenye nyika ya miinuko na hatimaye kwenye kokoto zinazoteleza ambako hata mwenye macho hupanda usiku, asione mbele yake. Habari ilizunguka dunia. Wapo wanaoweza kuuona msafara kama huo kuwa maonyesho tu, kwa kuwa hakuna asiyeona anayehitaji kupanda mlima wa mita 5,895 ili anunue samaki. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini kwa wazazi wa wakati ule waliokuwa wakiwafungia watoto wao ndani kwa kuwahofia wasijikwae kizingitini, habari ya vijana saba juu ya theluji ilikuwa vigumu kuipuuza.

Shirika lilihimiza pia watoto wasioona wasome katika skuli za kawaida za jirani na kwao, wakisaidiwa na mwalimu aliyefunzwa, badala ya wote kupelekwa bweni la mbali. Wilson mwenyewe alikuwa zao la bweni, na zao zuri. Hata hivyo aliona kwamba mabweni hayangeweza kuwapokea zaidi ya wachache, na kwamba mtoto aliyekua mbali na kijiji hurudi asijue njia zake.

Kadiri umri ulivyosonga, nguvu zake zilielekea zaidi kwenye kinga. Mwaka 1975 lilianzishwa Shirika la Kimataifa la Kuzuia Upofu, naye akawa rais wake wa kwanza; mwaka huo huo alitunukiwa heshima ya Sir. Alistaafu ukurugenzi mwaka 1983, baada ya miaka 33, kisha akaendeleza mpango mwingine, Impact, uliolenga kuzuia ulemavu wa kila aina unaoweza kuzuilika. Kutokana na mpango huo India ilipata mwaka 1991 treni iliyogeuzwa hospitali, yenye chumba cha upasuaji kinachosafiri hadi kwa mgonjwa, na Bangladesh ikapata hospitali ya mashua iliyoanza kazi mwaka 1999, miezi michache kabla ya kifo chake. Dawa ya ivermectin, ambayo tangu mwaka 1987 hutolewa bila malipo dhidi ya upofu wa mtoni, alijaaliwa kuishuhudia.

Zanzibar ya leo ina vyombo ambavyo katika safari ya mwaka 1946 havikuwapo. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2006 ilitambua haki zao, na Jamhuri ya Muungano iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki hizo mwaka 2009. Jumuiya ya Wasioona Zanzibar inasimamiwa na wasioona wenyewe. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi unaofanywa bila kumlaza mgonjwa usingizi. Linalobaki, kwa mzee wa Chwaka, mara nyingi ni nauli ya kwenda mjini na kurudi, mtu wa kumsindikiza, na khofu ya kisu machoni. Khofu hiyo huondoka kwa haraka zaidi anapomsikia jirani aliyefanyiwa akieleza kwa mdomo wake jinsi bandeji ilivyofunguliwa siku ya pili, na nani alikuwa wa kwanza kumwona.