Oskar Barnack: Fundi aliyeacha kipimo cha kamera

Na Mwandishi Wetu, Singida

MPIGAPICHA wa harusi mjini Singida anayetumia kamera yenye kihisi cha milimita 24 kwa 36, anafuata kipimo kilichoasisiwa na fundi wa Kijerumani aliyefariki dunia miongo mingi kabla ya kamera za dijitali. Fundi huyo ni Oskar Barnack.

Barnack alizaliwa Novemba 1, 1879, katika kijiji cha Lynow, kusini mwa Berlin. Alifanya kazi katika kiwanda cha Carl Zeiss mjini Jena, na mwaka 1911 akajiunga na kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, iliyosifika kwa hadubini zake.

Alipenda kupiga picha matembezini, lakini pumu ilimsumbua, na kamera za wakati huo, zilizotumia mabamba ya kioo, zilikuwa mzigo mzito kwake. Kufikia mwaka 1914 alikuwa ameunda kamera ndogo inayotumia filamu ya sinema.

Fremu ya sinema ilikuwa na milimita 18 kwa 24 tu. Barnack aliilaza filamu na kuiongeza fremu maradufu, ili picha ikikuzwa isipoteze ubora.

Eneo linalopokea mwanga ni mithili ya chombo cha kukingia mvua: beseni hupata maji mengi kuliko kikombe, ingawa mvua ni ileile. Vivyo hivyo, lenzi zikiwa zimefunguliwa kwa kiwango kimoja, kihisi kikubwa hukusanya mwanga mwingi zaidi, na picha ya ukumbini usiku huwa na chenga chache. Kihisi cha simu, kilicho kidogo mara kadhaa, hutegemea sana msaada wa programu.

Vita Kuu ya Kwanza vilichelewesha kazi hiyo. Mwaka 1924, licha ya uchumi kuyumba, Ernst Leitz wa Pili aliamua kamera hiyo izalishwe, ikiwa na lenzi iliyobuniwa na Max Berek. Mwaka 1925 ilioneshwa Leipzig kwa jina la Leica.

Barnack alifariki dunia Januari 16, 1936, akiwa na umri wa miaka 56.

Kazi yake ingali funzo kwa wanunuzi wanaovutiwa na wingi wa megapikseli pekee. Picha ya simu hutosha kutazamwa kwenye kioo chake. Lakini familia inayotaka picha ya mzazi ikuzwe na kutundikwa ukutani, ni vyema iulize kwanza ukubwa wa kihisi.